Mama Majani na kisiwa kilichonusurika kukatwa vipande

Saa kumi na mbili asubuhi, magari yakiwa bado machache, mwanamke mwenye buti za mpira na fulana ya rangi ya chungwa anavuka barabara akisukuma toroli. Anaingia kwenye bustani iliyo katikati ya mzunguko wa magari mkubwa kuliko yote mjini, anainama chini ya kichaka na kutabasamu.

"Huyu jana alikuwa peke yake," anasema, akionyesha kwa kidole mjusi aliye juu ya jiwe. "Leo kaja na mwenzake."

Wafanyakazi wenzake wa manispaa humwita Mama Majani. Kwa miaka mingi ametunza bustani zilizozungukwa na lami, ambazo wao huziita visiwa. Kuna vikubwa kama uwanja wa mpira na vingine havizidi kitanda.

Alianza na kisiwa kidogo, pembetatu iliyo mbele ya hospitali. Alipanda, akamwagilia, akaweka mbolea. Vipepeo walipita bila kukaa. Mimea nayo ikafa mmoja baada ya mwingine.

"Nilidhani nina mkono mbaya," anakumbuka. "Nikirudi nyumbani nimenuna, mume wangu ananiuliza, 'Hivi yamekufa maua au kafa shangazi?'"

Baadaye alihamishiwa kwenye mzunguko mkubwa, ng'ambo ya kijia cha magari. Mbegu zilikuwa zile zile, mikono ile ile. Safari hii kila kitu kilishika. Panzi walikuja, wakafuatwa na mijusi, kisha ndege wakajenga viota.

"Hapa kuna kivuli, kuna jua, kuna bonde lenye unyevu. Kila mmoja anapata chumba chake," anaeleza. "Kule wote walibanana chumba kimoja. Jua likiwaka, hawana pa kukimbilia."

Ndiyo maana mwaka juzi, mhandisi alipofika na mchoro wa barabara mbili za kupasua mzunguko huo, Mama Majani aliacha jembe.

"Mama, usihofu," mhandisi alimwambia. "Utapata bustani nne badala ya moja."

"Mwanangu, nne ndogo hazitafanya hii moja. Nipe asubuhi yako moja tu."

Walianzia kwenye pembetatu. Waliona sisimizi na nyasi za aina mbili. Kisha wakavuka hadi kwenye mzunguko, na hapo mhandisi akasahau viatu vyake vipya, akapiga magoti kwenye tope kumtazama kipepeo wa buluu. Anasema utotoni alikuwa akiwafuata vipepeo mpaka mama yake amtafute kwa fimbo.

Aliondoka bila kuahidi kitu. Mama Majani anakiri kwamba siku zilizofuata chakula hakikupanda.

Mhandisi aliporudi, alikuwa na mchoro mwingine. Magari yangezunguka kwa nje, na kile kijia kati ya mzunguko na pembetatu, ambacho sasa hakikuhitajika, kingeng'olewa lami. Visiwa viwili vingekuwa kimoja.

"Nilitupa jembe," anasema Mama Majani. "Nilikaa kwenye toroli, nikacheka mpaka akaniuliza kama naumwa."

Leo pale palipokuwa na lami hajapanda kitu. Ameacha udongo wazi makusudi, aone nani atapiga hodi. Upepo umeleta nyasi, sisimizi wamehamia, na panzi hawakuchelewa. Mijusi wale wawili wamefuata chakula.

Mgeni ambaye bado hajafika ni chura, ambaye hawezi kuvuka barabara bila kupondwa. Mhandisi amekubali kupitisha bomba pana chini ya lami, kutoka kwenye kidimbwi cha bustani ya hospitali, kabla ya mvua kuanza.

Mumewe, fundi cherehani, huwaambia wateja kwamba ameoa mkulima wa barabara. Mama Majani hajali.

"Siku nikisikia chura analia katikati ya honi," anasema akiinua mpini wa toroli, "nitampigia simu aache hiyo suruali ya mtu, aje tusikilize wote."