Chumvi ya Majivu

Nilizaliwa Mukendo, mjini Musoma, jirani na maduka ya Wahindi, na kwangu kiungo kilikuwa kitu cha kwenye chupa: achari ya maembe, au pilipili inayokutoa kamasi. Nikaolewa upande wa Butiama na kiburi changu chote.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mama mkwe aligoma kula. Mji wake wa zamani, boma alilolizoea, ulibaki porini, naye alishinda mlangoni akitazama huko. Nilimpikia mchicha kwa chumvi ya dukani, akausukuma. Nikatoa achari niliyokuwa naitunza kama mboni ya jicho, akailamba, akatema.

"Vitu vyenu vya mjini vinakataga ulimi," alisema.

Alikonda hadi nikaogopa. Mume wangu alikuwa shamba la pamoja kutwa, kwa hiyo kama ni kufa, mama angefia mikononi mwangu.

Jirani yetu mpya alitoka vijiji vya ziwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila pale sote tulikuwa wageni. Alinikuta nalia jikoni, nikamweleza habari za mama mkwe.

"Kule kwake mboga alikuwaga anatia nini?"

Sikujua. Nyumba moja, jiko moja, na sijui!

Alichoma mabua makavu ya maharage, akajaza majivu kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji. Yakachuruzika matone ya rangi ya chai ya rangi. Majivu! Nilitaka kucheka. Akatia matone yale kidogo kwenye mchicha, nikaonja, na jamani, nilishika ukuta. Ulikuwa mchicha uleule wa jana, lakini sasa laini, wenye harufu ya moshi kwa mbali, kama uliopikwa na mtu anayekupenda. Tangu siku hiyo nimeonja vingi, samli ya Wakurya, hata maji meusi ya soya ya Wachina, na bado nashangaa: kiungo hakimshibishi mtu, kinamwita tu.

Mama mkwe alinusa kwanza. Akamega tonge, akachovya. Akamega tena. Mimi nimesimama na maji ya kunawa. Alipomaliza kufuta bakuli kwa kidole, aliinua macho.

"Na wewe, mwanangu, umekula?"

Sikuwa nimekula. Kwao mkamwana hamtangulii mama mkwe kula, na tangu agome nilikuwa naishi kwa kuokoteza makoko sufuriani, kwa aibu, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikakaa chini palepale nikalia, naye akanimegea tonge.