Sabufa Mbili za Kumsindikiza Kukhu

Juzi soketi ya birika la umeme iliungua jikoni kwangu hapa Kitale. Haikuwaka moto, ilitoa tu ile harufu ya plastiki inayoanza kuyeyuka, tamu kidogo mwanzoni, kisha kali ya kukwaruza koo. Mume wangu alikwenda taratibu kuzima swichi kubwa. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje na watoto wote wawili, mmoja akiwa na sabuni usoni. Alinicheka, nami nikacheka, lakini usiku ule niliamka mara mbili kwenda kuinusa ile soketi. Kwa kuwa nyumbani sijawahi kusema sababu yake, acheni niwaambie nyinyi.

Baba yangu aliongoza misafara ya matanga. Mwili ukitoka mochari ya Kitale kwenda kuzikwa upande wa Bungoma, gari lake jekundu la stesheni wagoni lilitangulia mbele, spika mbili za honi juu ya keria na sabufa, ile spika kubwa ya besi, kwenye buti, likipiga nyimbo za kanisa kwa sauti ya kuwatoa watu mashambani. Msafara wa kimya ulikuwa aibu. Watu wangesema marehemu hakuacha watoto, au aliwaacha wakigombania shamba. Kule Kiminini kulikuwa na mwenzake mwenye pikapu ambayo besi yake ilitangulia kufika kabla ya gari lenyewe, na wenye maneno yao walidai kuku waliacha kutaga ikipita. Baba hakupenda sifa hizo. Akisikia mtu anazitaja, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi mahali.

Kisha Kukhu akafariki. Kukhu ni nyanya yetu, mama mzazi wa baba. Alifia kwetu Kitale, na kaburi lake lilikuwa linachimbwa Bumula. Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndugu yangu Wafula minne. Siku ya kuamkia safari baba alirudi na sabufa ya pili, kubwa kama ile ya kwanza, akaifunga kwenye sanduku moja nayo. Amplifaya ilibaki ile ile ya zamani.

Alijua. Hilo ndilo linalonitesa hadi leo, kwamba alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, siku tukiosha gari, kwamba amplifaya ni kama punda, ina mzigo wake, na kwamba sabufa mbili zikifungwa pamoja huivuta umeme kupita inavyoweza kutoa. Alinieleza pia kwamba fyuzi hukatika ili waya usiungue.

Asubuhi ile uani mwa mochari aliwasha muziki kujaribu. Ulivuma mara moja, ukakata. Simiyu, fundi rafiki yake mwenye lafudhi nzito ya kwetu, aliyekuja kuomboleza nasi, alifungua boneti akatoa fyuzi iliyoungua.

"Si nilikwambia? Hiyo amp ni ya sabufa moja. Toa waya ya hii ingine, utaenda fisuri tu."

"Ati mama yangu aende na moja?" baba alisema. "Nimepeleka mama za watu na besi, halafu wangu nimpeleke hivyo? Hapana, bana."

Akachukua karatasi ya bati inayong'aa kutoka kwenye pakiti ya sigara ya Simiyu, akaiviringisha kwenye ile fyuzi ili umeme upite, akairudisha mahali pake. Muziki ukarudi, mzito, vioo vya mochari vikatetemeka. Waombolezaji wakaitikia kwa vilio. Simiyu peke yake hakufurahi. Alijifuta mikono kwenye suruali akasema, "Sasa hapo umefukusa mlinsi," kisha akaenda kusimama mbali na gari.

Kabla hatujaondoka Senge, dada yake baba, alikuja dirishani. Yeye na mama yangu walikuwa wanapanda gari la jeneza.

"Ndugu yangu, ukishashika barabara na mama, usisimame mpaka nyumbani. Unakumbuka ya baba."

Sisi sote tulikumbuka, hata sisi ambao hatukuwa tumezaliwa. Babu alipokuwa analetwa nyumbani, gurudumu lilipasuka Kamukuywa na jeneza likakaa kando ya barabara mchana mzima. Kabla hata watu hawajanyolewa nywele za matanga, kitinda mimba wao aliugua akafa. Aliitwa Wafula. Ndugu yangu alipewa jina lake.

Mbele, kiti cha abiria kilibeba msalaba na picha ya Kukhu. Mimi niliketi nyuma ya baba. Wafula, kwa kuwa kiti chetu kilikuwa kimelazwa nusu kupisha lile sanduku, aliegemeza mgongo wake kwenye sabufa. Alipenda besi imtikise tumbo. Alijaribu kuimba ili sauti yake itetemeke, akacheka mwenyewe, na tulipopita Kiminini alikuwa ameshalala.

Kamukuywa baba alipita bila kutazama kushoto wala kulia. Kimilili watu walisimama mbele ya maduka, wanaume wakavua kofia, nami nikaona shingo ya baba imenyooka kwa fahari. Ninakubali kwamba hata mimi nilijisikia mkubwa. Msafara wetu ulikuwa mrefu na ulisikika.

Tulipoacha mji, besi ilianza kukwaruza, kama mtu mwenye mafua anayelazimishwa kuimba. Halafu muziki wote ukazimika. Nikageuka nikaona taa ya amplifaya imekuwa nyekundu. Gari likawa kimya kabisa. Nilisikia magurudumu kwenye lami, nikasikia Wafula akivuta pumzi usingizini, na ndipo harufu ikanijia.

"Baba," nilisema, "kunanuka waya."

Baba alitazama kwenye kioo. Akazungusha kitufe cha redio, hakikuleta kitu. Kisha akabonyeza honi, akaishikilia, na magari yote nyuma yetu yakapokea, tukaendelea kwenda hivyo, honi juu ya honi, ili Kukhu asiende kimya.

Nilisema tena kwa kupiga kelele. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya zulia, ukifuata njia ya waya kuelekea nyuma. Ilikuwa siku ya soko Chwele. Barabara ilijaa bodaboda na pikapu za kabichi, na baba akawa anajipenyeza, anapunguza mwendo lakini hasimami, mkono kwenye honi. Wafula alikohoa. Kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena, na sitaki kukisikia.

Hapo baba alisimama. Alimtoa Wafula kwa mikono mitupu, shati likiwa limeshika moto mgongoni, na akina mama wa sokoni wakawamwagia maji ya kunyunyizia mboga. Gari la jeneza lilisimama nyuma yetu. Senge alishuka, akalitazama jeneza, akamtazama Wafula, akaketi chini pale pale barabarani.

Mfanyabiashara mmoja aliwabeba baba na Wafula hadi hospitali ya Bungoma. Sisi tukampeleka Kukhu Bumula bila gari la mbele. Baba hakumzika mama yake. Na msimu ule wote wa mvua, jamaa waliotutembelea walimtazama Wafula kama mtu aliye safarini. Wengine walimletea zawadi ambazo mtoto mzima haletewi. Nililala nikiwa nimeshika mguu wake.

Hakufa. Ana kovu kutoka bega hadi kiunoni na ana mdomo mrefu, na Krismasi iliyopita alikuwa anamsimulia mchumba wake habari hiyo mezani, kwa vichekesho vyake. Alisimulia jinsi ambavyo ukoo wetu umeisimulia siku zote: dada alimwambia baba kuna moshi, lakini kwa zile kelele za spika, mzee angesikiaje?

Nimeikubali hadithi hiyo miaka yote kwa sababu watu wazima waliisema. Mezani pale, nikiwa na mwanangu mapajani, kwa mara ya kwanza niliisikiliza. Spika zilikuwa zimezimika. Honi zilikuwa hazijaanza. Nilisema kwa sauti ya kawaida, karibu na sikio lake, na baba alinisikia. Alijua waya unaungua na alijua nani ameuegemea. Lakini nyuma yake kulikuwa na jeneza ambalo likisimama lingemdai mtoto, na alikuwa na mtoto mwenye jina lile lile. Aliendelea kuendesha ili Wafula asife. Nilimwonea hasira na huruma kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na ipi.

Baba aliinua uso kutoka kwenye sahani. Hakumtazama Wafula, alinitazama mimi.

"Si ni hivyo, dada?" Wafula aliuliza.

"Ni hivyo," nikasema. "Spika zilikuwa na kelele sana."