Shuka Arobaini na Mbili za Mama Povu

Mama Povu alikuwa dobi. Kamba tano zilipita uani kwake, na kwa miaka ishirini na mmoja alianika hapo shuka za nyumba ya wageni ya jirani na suti za wakubwa wa mtaa. Mtaa mzima ulipendeza kwa mikono yake, naye mwenyewe hakuwa na nguo ya kutokea.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Aliona ukungu, akadhani ni mvuke wa karai. Siku alipounguza kola ya mwalimu mkuu, binti yake akamkokota hadi hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na upasuaji ni wa nusu saa tu.

"Una kadi ya bima, mama?"

"Sina."

"Ukiipata uje. Ila usikawie, hayo macho hayatakusubiri."

Bahati iliyoje! Mwaka huohuo wakubwa walikuwa wameamua kila mtu apate bima. Iliundwa kamati, ikakaa hotelini miezi minane, maana shida za watu hazifikiriki vizuri penye joto. Ikatoka na njia tatu. Ya kwanza, wote wachange sawa. Ya pili, mwenye nacho achange, asiye nacho alipiwe. Ya tatu, iundwe kamati nyingine ichague kati ya hizo mbili. Wakaanza na ya tatu, wakaishia na ya pili.

Likabaki swali dogo tu: nani hana? Kumuuliza mtu mwenyewe haikufaa, watu ni waongo. Ikaamuliwa vihesabiwe vitu vya kila nyumba.

Dada wa kuhesabu alifika Jumatatu, siku ya shuka, na kishikwambi chake mkononi.

"Karibu, mwanangu. Chunga kichwa, kamba hizo."

Dada akainama, akapita chini ya kamba moja baada ya nyingine huku midomo ikimcheza. "Arobaini na moja, arobaini na mbili. Na suti sita."

"Hizo si zangu, mwanangu. Ni za wateja."

"Swali haliulizi ni za nani, mama. Linauliza zilizopo."

"Basi na huyo jogoo wa jirani mwandike."

"Nimeshamwandika."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakukutana na kishikwambi.

Baada ya wiki mbili ikaja barua yenye muhuri na sahihi ya Mwenyekiti wa kamati. Shuka arobaini na mbili, suti sita, jogoo mmoja. Kaya hii ni ya wenye uwezo wa juu, ichangie kiwango kamili.

"Mama, kumbe sisi matajiri," binti akasema.

"Ningejua mapema, baba yako asingetukimbia."

Mama Povu akaenda ofisini kulalamika. Karani akamweleza kwa upole kwamba marekebisho hufanywa kila baada ya miaka mitatu, labda alete barua ya mtu anayeaminika.

"Mimi siaminiki?"

"Wewe ndiye mlalamikaji, mama."

Miaka mitatu! Tayari vifungo alikuwa akivitafuta kwa vidole, na wateja wawili walishahamisha nguo zao. Dobi asiyeona doa atamfulia nani?

Ijumaa asubuhi gari likasimama mlangoni. Akashuka Mwenyekiti mwenyewe, kavaa fulana, kabeba faili kwapani. Saa nne alitakiwa kuhutubia mkutano juu ya mafanikio ya bima kwa wote.

"Habari za asubuhi, Mama Povu. Suti yangu tayari?"

"Suti gani, mheshimiwa?"

"Ya kijivu. Si hiyo nyuma yako?"

"Hii yangu." Akamkabidhi barua. "Suti sita, soma hapo. Na sahihi ni yako. Mimi nani niubishie muhuri?"

"Mama, acha utani, nachelewa."

"Ningekuazima, ila suti zangu siazimishi."

Binti akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mwenyekiti akatazama saa, akatazama fulana yake.

"Unataka nini?"

"Barua ya mtu anayeaminika."

Karatasi tupu hakuwa nayo. Akachomoa ukurasa wa mwisho wa hotuba, akaugeuza, akaandikia juu ya meza ya pasi: huyu ni dobi, nguo za kambani ni za watu, mojawapo ni yangu.

"Na jogoo," Mama Povu akakumbusha.

Akamwongeza jogoo, akatia sahihi, akaondoka na suti iliyonyooshwa ikanyooka.

Inasemekana alihutubia vizuri sana. Alipofika kwenye mapendekezo hakuyaona, akasema asanteni. Ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyeuliza mapendekezo yako wapi. Yalikuwa kwa karani, ambaye aliusoma ukurasa pande zote mbili, akauliza aweke kumbukumbu upande upi.

"Huo wenye jogoo," Mama Povu akamjibu.

Wiki sita baadaye alipasuliwa jicho la kulia. La kushoto litasubiri, maana kadi inalipia jicho moja kwa mwaka.

Siku bandeji ilipotoka, suti ya kijivu ilikuwa imerudi kufuliwa. Mama Povu akaiinua kwenye mwanga, akakunja uso. Kifuani palikuwa na doa la chai, limepigwa pasi mara nyingi hata likageuka kahawia.

"Hili lina mwaka," akasema. "Maana yake alisimama nalo mbele ya ukumbi mzima?"

"Na wote walikuwa wanaona, mama."

Mama Povu akavuta karai, akatafuta sabuni.