Kidude cha Kumnasa Mla Luku

Msinicheke sana. Nyumba yetu ya kupanga hapa Morogoro Mjini ina wapangaji wanne na mita moja ya umeme wa luku, na aliyepiga marufuku majiko ya umeme ni mimi, msomi wa nyumba. Uniti zilipozidi kuyeyuka, nikamshuku Mama Zuhura. Soko huria limeleta kila kitu, nikanunua kidude kinachobana waya na kuonyesha umeme unaopita. Kwa utaalamu wangu wa macho tu, nikakibana kwenye waya niliouona ni wa chumba chake.

Jumamosi namba zikapanda ghafla. Nikawaita wapangaji uani.

"Njooni muone! Mama Zuhura anapikia umeme!"

Mama Zuhura mwenyewe akaingia getini na tenga la ndizi, anatoka kijijini Kinole. Mlango wake ulikuwa na kufuli tangu alfajiri. Aliufuata ule waya kwa kidole, ukutani, juu ya dirisha, mpaka mlangoni kwangu.

Mlango ukafunguka. Mke wangu, niliyekuwa namsifia kila mahali kwa kubana mkaa, akachungulia na mwiko mkononi.

"Baba Neema, maharage yameiva. Hao wote wanakula kwetu?"