Mtu wa Pili Kulitaja Jina Lake

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kazi. Meneja wa usafiri wa kampuni yetu ya kutembeza wageni, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinichukua hadi uwanja wa ndege wa Kisauni, akanisimamisha mkabala na mlango wanapotokea abiria, akaniambia nitazame nyuso tu. Ndege ikatua, watu wakaanza kutoka, naye akaniuliza nani kati yao ataingia gari asiyoijua. Nikamwonyesha bibi mmoja mwenye masanduku mengi.

“Huyo anagombana na hamali, bado ana nguvu,” akasema. “Mtazame yule bwana mwenye pasi mkononi. Hapa nje hakuna anayemtaka pasi, naye keshaitoa. Huyo atamfuata yeyote.”

Hatukungoja sana. Mtu mmoja alimwendea yule bwana akicheka, akalishika begi lake, wakaondoka pamoja. Meneja alimtuma dereva wetu akaulize, kumbe yule bwana alikuwa na gari ya hoteli yake inamsubiri upande wa pili.

Kazi yetu tuliiita transfa: kumpokea mgeni uwanjani na kumfikisha alikolipia kulala, au kumrudisha siku ya kuondoka. Mpokezi husimama na kibao chenye jina la mgeni, dereva hungoja kwenye maegesho. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kusimama. Mimi sikuwahi kusimama mahali pamoja. Nikikishika kibao macho yangu yalikuwa mlangoni, kisha kwenye maegesho, kisha kwa papasi. Papasi ndivyo tunavyowaita vijana wanaowaganda wageni njiani, wakiwapeleka kwenye nyumba za kulala wageni na maduka ili wapate kamisheni. Wengi ni watoto wa mitaani kwetu, tunajuana na wazee wao. Hilo lilinifanya niwaogope zaidi, maana walijua jinsi ya kuzungumza nami pia.

Baadaye nilihamishiwa Nungwi, kupanga gari za wanaoondoka. Mkuu wa kituo cha huko alikuwa akizunguka kila gari na kupiga magurudumu teke kabla haijatoka, hata kama ameyapiga yale yale asubuhi. Aliniambia kuwa mgeni anayeondoka anaogopa saa, anayefika anaogopa watu, nami nijue ninamhudumia yupi. Nilipozoea Nungwi nikarudishwa Kisauni, safari hii nikiwa msimamizi wa wapokezi. Huko ndiko yalikonikuta ya Bi Amelia.

Bi Amelia alikuwa mama wa Kireno, mjane, hajawahi kufika Afrika. Binti yake, aliyekuwa akifundisha kupiga mbizi Nungwi, alianguka na skuta akavunjika mguu vibaya, akaletwa hospitali mjini. Daktari alipanga kumpasua alasiri ile ile mama yake anayofika. Rafiki wa yule binti alitupigia simu akatuomba tumpokee mama na tumfikishe hospitali moja kwa moja, kwa sababu mgonjwa alikuwa na hofu kubwa na alitaka kumwona mama yake kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

Niliamua kumpokea mwenyewe. Nikaandika jina lake lote kwenye kibao kwa herufi kubwa, nikasimama mbele. Abiria wakatoka mpaka wakapungua, wakabaki wafanyakazi wa ndege na masanduku yao. Bi Amelia hakutokea. Nikauliza ndani, nikaambiwa ameshatoka.

Dereva wetu, Mzee Haji, ndiye aliyeniambia alichokiona maegeshoni. Mama wa makamo mwenye sanduku la buluu ameingia gari nyeupe, na kijana aliyemfungulia mlango alikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa jina. Basi nikafahamu. Kijana alikuja nyuma yangu, akalisoma jina kwenye kibao changu, akaliandika kwenye boksi lake, akaenda kusimama karibu zaidi na mlango. Mama wa watu ametoka, ameona jina lake, amefuata.

Tulishika njia ya mjini. Mzee Haji aliendesha kimya huku mimi nikigeukia kila gari nyeupe, nazo hazina idadi. Yule rafiki wa binti alinipigia akiuliza mbona hatujafika, kwani manesi wameshaanza kumtayarisha mgonjwa. Nikamwambia tuko njiani. Nilisema kweli, ila mgeni sikuwa naye.

Mzee Haji aliitambua ile gari Darajani, imeegeshwa tupu. Magari hayaingii vichochoroni Mji Mkongwe, kwa hiyo walikuwa wameendelea kwa miguu. Nikashuka mbio. Muuza kahawa akanionyesha kichochoro walichoingilia. Mbele kidogo kinamama wawili walikuwa wamekaa barazani wanachambua mchele. Nikawaamkia, nikawauliza kama wamemwona Mzungu mtu mzima. Hawakuwa wamemtazama, lakini mmoja alisema amesikia magurudumu ya sanduku yakigonga mawe kuelekea mtaa wa Hurumzi. Nikaenda hivyo, nikiuliza watu sauti badala ya sura, hadi nikafika kwenye nyumba ya wageni ambayo sitaitaja. Bi Amelia alikuwa amekaa kwenye kochi la mapokezi, koti lake bado mwilini, sanduku kalibana kwa magoti.

Kijana ameshachukua chake na kuondoka. Alikuwa amemwambia kwamba hospitali za huku hazipokei watu mchana, kwa hiyo apumzike hapa, jioni atamfuata ampeleke. Na mama kaamini, kwa kuwa alikuwa amechoka na alikuwa ametajiwa jina lake.

Nikajitambulisha kwa Kiingereza changu. Nikamwambia mimi ndiye niliyetumwa na binti yake, hospitali inamngoja, gari iko tayari. Hakunyanyuka. Akasema pole pole, “Wewe ni mtu wa pili leo kulitaja jina langu. Kwa nini nikuamini wewe?”

Kitambulisho changu angekijuaje? Kijana naye angeweza kuwa nacho. Miguu ilikuwa inaniwasha kutaka kukimbia, kumshika mkono nimkokote, lakini nilijua nikimgusa tu nimempoteza. Nikakaa chini sakafuni mbele yake, ili asiniinulie macho, nikampigia yule rafiki hospitalini, nikamwomba amwekee mgonjwa simu sikioni. Kisha nikampa Bi Amelia simu yangu.

Walizungumza Kireno. Sikufahamu neno. Nilimwona tu mama anafunika mdomo kwa kiganja, anatikisa kichwa kana kwamba mwanawe anamwona, kisha anasimama na kuniachia mimi sanduku.

Tulilibeba mimi na Mzee Haji, aliyekwisha kunifuata, maana magurudumu yangetuchelewesha. Hospitalini tulimkuta binti kwenye kitanda cha magurudumu, ukumbini, nesi keshashika upande wa kichwa. Nesi alimtazama mama, akamtazama mgonjwa, akasimamisha kitanda. Hawakupewa muda mrefu. Mama aliweka shavu lake juu ya paji la mwanawe, wakanong'ona, kisha mgonjwa akaingizwa mlangoni, mama akabaki nje. Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya miezi kadhaa yule binti alikuja Kisauni akitembelea mkongojo, kumsindikiza mama yake anayerudi kwao, akanikumbatia hadi kibao kikaniponyoka.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wa kampuni nikamwambia majina yasiandikwe tena vibaoni. Mgeni achague mwenyewe neno lake la siri kabla hajapanda ndege, atumiwe picha ya dereva na namba ya gari, na akifika asiseme yeye ni nani, ila amuulize dereva amekuja kumchukua nani na neno lake ni lipi. Mkurugenzi hakupenda.

“Bi Zakia, mgeni analipia mapumziko. Mimi simpi mtihani.”

“Mtihani anaupata mlangoni, bwana mkubwa,” nikamjibu. “Mimi nnataka apate na majibu.”

Alikubali kwa majaribio, na mpaka nastaafu utaratibu ulikuwa huo.

Sasa nakaa nyumbani, nami sijui kukaa. Ndege ya alasiri ikipita juu ya bati nanyanyuka, natafuta viatu, kisha nakumbuka. Wapokezi vijana huja kuniuliza mambo ya kazi, nami huwaeleza haya, nikiwaongezea na yaliyonipata mwaka huu nilipokwenda Maskati kumtazama mdogo wangu. Nilikuwa na neno langu, nilikuwa na picha ya dereva kwenye simu, kila kitu. Nilitoka mlangoni sijalala, miguu imevimba, na mwanamume mmoja mwenye sura ya huruma akaniambia, “Karibu, mama, nipe begi.” Picha ya dereva haikufanana naye hata kidogo. Nilishampa begi na nishapiga hatua kadhaa nyuma yake ndipo nilipozinduka kuwa ninamfuata, na neno langu sijamuuliza.