Wawili Waliobaki Juu

Baba yangu alikataa kutibiwa jicho mpaka watu wawili asiowajua washuke kutoka angani. Nikisimulia hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke, ingawa mwenyewe sijaona cha kuchekesha hata kimoja. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufa. La kushoto lilikuwa na presha, na daktari wa hapa Kolwezi alitwambia wazi: aende Lubumbashi akapasuliwe, tena haraka, maana kinachopotea kwa ugonjwa huu hakirudi. Tulikuwa na jicho moja tu la kuokoa.

Ili mnielewe, lazima niseme alifanya kazi gani. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, lakini baba hakuchimba. Alikuwa mtu wa lampisteri, yaani chumba cha taa kwenye mgodi wa chini ya ardhi. Mchimbaji akitaka kushuka alimpa baba kipande cha shaba chenye namba yake, jetoni, naye akapewa taa. Jetoni ikatundikwa ubaoni. Akipanda, alirudisha taa akachukua jetoni yake. Ubao ukiwa mtupu, watu wote wako juu. Na mtu wa taa hatoki kazini mpaka ubao uwe mtupu, hata kama mkewe anajifungua. Mimi, binti yake, nilizaliwa hivyo, yeye akiwa dirishani anangoja jetoni moja.

Mara moja tu alikosea. Mchimbaji mmoja aliomba jetoni ya rafiki yake pamoja na yake, akasema rafiki ameshapanda, taa inakuja. Kumbe rafiki alikuwa bado chini, mguu umeteguka, na ubao ulikuwa mtupu kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Zamu iliyofuata ndiyo iliyomkuta, taa imezimika. Alipona. Lakini baba, hata baada ya miaka mingi ya kustaafu, akiifikia habari hiyo alikuwa anashusha sauti.

Chombo cha wale watu wawili alikisikia redioni, kwa Kifaransa. Kilikuwa kipya, cha kupeleka watu angani na kuwarudisha, kisha kitengenezwe kiende tena. Kiliporushwa kwa majaribio bila mtu hakujali.

"Haina mutu ndani? Basi ni motokari tu," alisema.

Lakini waliposema sasa wanapanda watu wawili kukijaribu, akavuta kiti karibu na redio. Mimi nilikuwa nimeshatafuta nafasi kwenye basi la Lubumbashi. Safari ya chombo ikaahirishwa. Nikahamisha siku ya basi. Ikaahirishwa tena, mara kifaa fulani, mara kitu kinavuja, nami nikahamisha tena, mpaka mwenye basi akaniuliza kama kweli nina baba. Hatimaye waliruka, kwenda kwenye kituo cha angani ambako wenzao wengine walikuwa wakiishi.

"Banaenda wiki moja na kidogo," baba aliniambia. "Bakishuka, tunaenda."

Nikakubali. Wiki moja ni nini? Ningemvuta mkono siku ileile, leo nisingekuwa na la kuandika.

Wiki ikawa mbili, mbili zikawa mwezi. Nina kibanda cha fotokopi karibu na soko, na kazi yangu ya kila asubuhi ikawa kusoma habari za chombo kwenye simu, umeme ukiwepo. Bwawa la umeme la Nzilo liko hapo tu na bado umeme unatukatikia kila siku. Hilo nalo nililiongeza kwenye hasira zangu. Habari zilikuwa zilezile. Kinavuja. Injini ndogo zina shida. Wahandisi wanachunguza. Wakati wao wanachunguza, baba alianza kumwaga chai nje ya kikombe na kupiga bega kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Papa, bako muzuri," nilimwambia. "Chakula iko, bitanda biko, na benzabo bako nabo kule."

"Kule chini pia benzabo balikuwa. Mi sitoke pa dirisha kama ubao haiko mutupu."

"Lakini aba bantu si weye ulibapa taa!"

"Nilibasikia bakienda," alisema. "Inatosha."

Nilitaka kuitupa ile redio chooni. Sijui utabishana vipi na mtu anayetumia vizuri akili yake yote mahali pasipohitajika.

Kisha asubuhi moja nikasoma kibandani kwamba chombo kimeshuka. Kimeshuka salama kabisa, jangwani, kitupu. Wahandisi hawakukiamini, wale wawili wakaachwa juu hadi mwaka unaofuata wangojee usafiri mwingine. Redio ya baba ilikuwa imeisha betri tangu majuma mawili, hakuwa amesikia lolote. Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani, na njiani nilikuwa nimeshaamua.

"Papa, ilishuka. Ilifika muzuri."

Akasimama. "Na bantu?"

"Nabo."

"Babili?"

"Babili," nikasema.

Alifurahi, mzee wa watu. Aliomba suruali yake nzuri ipigwe pasi, na kesho yake tukapanda basi. Njia nzima alikuwa anawaeleza abiria wenzetu habari za taa na jetoni, nami nilikuwa najipongeza. Nilijiambia kuwa nusu ya maneno yangu ni kweli na hiyo nusu nyingine Mungu ataifumbia macho.

Kwenye chumba cha kungojea daktari, mgonjwa mmoja alikuwa na redio mapajani. Habari zikaanza. Nilitamani nimwombe azime, lakini ningemwomba kwa sababu gani? Mtangazaji alisema viti vilirudi vitupu, akasema na sababu yake, taratibu kabisa, kila neno likasikika. Baba aliinamisha kichwa mpaka habari ikaisha.

"Weye ulikamata jetoni ya mwenzako," aliniambia.

Nililia, nikamwomba msamaha, nikamwambia ni kwa ajili ya jicho lake. Daktari mwenyewe alitoka, akaelezwa kisa chetu.

"Mzee, ile jicho haingojake bantu," alisema.

Baba akamshukuru kwa heshima, akavaa kofia yake na kuniuliza mlango uko upande gani. Wakati wa kurudi, malori ya madini yalitufungia barabara karibu na Tenke, tukakaa juani saa nyingi. Niliwachukia wale wawili kule juu, ambao hawakunikosea chochote. Nilimchukia na baba kidogo. Niliyemchukia zaidi alikuwa mimi, kwa kuwa kwa ukweli ningeweza kuendelea kubishana naye, lakini uongo wangu ulimpa sababu ya kutonisikiliza tena.

Mvua zikaanza. Kila nilipotaja Lubumbashi alibadilisha mazungumzo. Mwisho aliona mwanga wa mlango tu, kisha hata huo akawa anaukisia kwa joto la jua. Daktari wa hapa alimwangalia, akaniita pembeni, akaniambia tusisumbuke na safari.

Wale wawili waliposhuka kweli, ndani ya chombo kingine, asubuhi yake video ilikuwa kwenye kila simu. Nilimkimbilia baba uani, nikapiga magoti mbele yake.

"Papa, balishuka! Babili! Niko nabaona, banabasaidia kusimama, bako banacheka."

Hakugeukia simu. Alinigeukia mimi, pale sauti yangu ilipotokea, akanishika bega bila hasira yoyote.

"Muzuri, mama," alisema. "Sasa ita jirani akuje aangalie, aniambie."

Nikaenda kumwita.