Mazishi Niliyomngojea Mchungaji

Nilipostaafu ualimu nilipewa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Mchungaji wetu ana makanisa saba, na mengine ukiyaita makanisa utakuwa umeyastahi: ukuta wa udongo upande huu, mabati upande ule, na viti vya plastiki ambavyo huondoka kila penye harusi na kurudi vikiwa pungufu. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali saba Jumapili moja. Kwa hiyo kila kanisa lina msomaji wake, yaani muumini wa kawaida aliyefunzwa kuongoza ibada, kuhubiri, kutembelea wagonjwa na, inapobidi, kuzika. Kazi yangu ni kuwafunza hao. Kila Jumamosi natoka kwangu karibu na uwanja wa ndege, navuka Likoni kwa feri, kisha natafuta bodaboda ya kunipeleka ndani, nyuma ya Shika Adabu, ambako lami huisha na mihogo ikaanza.

Sikuwa mwalimu mpole. Msomaji mmoja alinikimbia baada ya kumwambia kwamba mahubiri yake yalikuwa na mianzo mitatu na miisho minne, katikati hamna kitu. Mwingine aliacha tu kushika simu yangu. Msomaji wa kanisa la nyuma ya Shika Adabu, mama muuza mihogo ya kukaanga, hakukimbia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mtu wa kutoka pande za bara ya Kwale, aliyesoma hadi darasa la saba. Akisoma alifuatisha mstari kwa kidole, na kidole hicho kiliacha alama ya mafuta kwenye Biblia ya kanisa. Nilimkosoa kwa hilo zaidi ya mara moja.

Ila alikuwa na jambo lake. Akienda kwa mgonjwa haanzi na sala. Kwanza anaosha vyombo, kama viko vya kuoshwa, ndipo anaketi. Nilimwambia kwamba hilo halimo katika mwongozo wetu. Akanijibu, "Naam, Mwalimu," akaendelea kuosha vyombo.

Shida yetu kubwa ilikuwa mazishi. Watu walikubali kuhubiriwa na muuza mihogo, lakini mtu akifa walitaka kola, ile nyeupe ya shingoni mwa mchungaji. Mara ya kwanza alipotakiwa kuzika, familia ya marehemu ilikataa katakata, nikasimama mimi mbele yao nikawaambia: "Kola haimwongezei maiti chochote. Anayestahili kukuzika ni yule aliyekuja ulipokuwa unaumwa." Nililipenda sana neno hilo. Baadaye nililisema kwenye kila semina, na nadhani kila mara nilikuwa nikituliza sauti mahali pale pale. Familia ikalegea. Yule mama akazika. Kwa muda wa miaka minne alizika wengi, hata watu wakaacha kuuliza mchungaji yuko wapi. Kina mama walisema mazishi yake hayachoshi.

Mamangu alikuwa akiishi huko huko, na dada yangu, kwenye shamba alikozikwa baba. Alikuwa amepita miaka themanini. Miguu ilikuwa imekataa kazi, ulimi haukukataa. Kila Jumatano, akimaliza mihogo yake, msomaji alikwenda kumwona. Alimkata kucha, akamsomea zaburi, akasikiliza malalamiko, mengi yao yakinihusu mimi. Dada yangu alinisimulia hayo, nami nilifurahi kama msimamizi anavyofurahi akisikia kazi inakwenda.

Mama alifariki Jumanne moja asubuhi, chai yake ikiwa mezani. Dada alinipigia simu. Niliketi kidogo, kisha nikampigia mchungaji. Nakumbuka vizuri kwamba nilimpigia yeye kabla ya kuwapigia wanangu. Alinipa pole, akasema yuko mkutanoni mbali, hawezi kufika kabla ya Jumamosi. Nikamwambia, "Tutangoja." Sikulitafuta neno hilo, lilitoka lenyewe.

Jirani yetu, mzee Mwislamu ambaye mpaka wa shamba lake unagusa wetu, alikuja siku hiyo hiyo kutupa pole na kuuliza kaburi lichimbwe saa ngapi. Nilipomwambia ni Jumamosi alinitazama.

"Mwalimu, mama wamngojea nani? Haki ya maiti ni kuharakishwa."

"Mchungaji amesafiri, mzee wangu."

"Na yule mama ajaye hapa kila Jumatano kumsomea, naye kasafiri?"

Nilimwambia kwamba sisi tuna utaratibu wetu. Akasema, "Haya, inshallah tutakuja," akaenda zake. Nilimwona mzee mwema lakini mwenye kuingilia mambo.

Mchana msomaji akafika, kitabu cha ibada mkononi, na skafu yake ya usomaji ameifunga ndani ya kanga isipate vumbi. Alikaa mkekani na kina mama, akalia kwa kiasi, halafu akaniita pembeni.

"Pole sana, Mwalimu. Ibada tuipange vipi?"

"Mchungaji atakuja Jumamosi," nikasema.

Alikipachika kitabu kwapani. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Basi mimi nitakuwa jikoni na kina mama." Akaondoka na kitabu chake. Kusema kweli nilipata nafuu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu si zuri. Nilijua wangekuja walimu wakuu niliofanya kazi nao, jamaa zetu wa mjini, na wazee wa kanisa kubwa. Sikutaka wamwone mamangu akiwekwa udongoni na mwanamke mwenye vidole vya kunuka mafuta. Ndivyo ilivyokuwa. Nimejaribu kuisema kwa namna nyingine na nimeshindwa.

Mazishi yenyewe yalikwenda vizuri. Mchungaji alifika kwa wakati, akahubiri vyema, akamsifu mama kwa upole na ukarimu. Simlaumu, hakumjua. Watu walipoketi kula, msomaji alipita safu kwa safu na jagi na beseni akiwanawisha mikono. Alipofika kwangu akanimiminia maji, nami nikanawa.

Baada ya miezi miwili hivi alifariki fundi wa baiskeli, mzee wa kanisa la msomaji yule. Nikasikia familia imeamua maiti akae mochari wiki mbili, mpaka mchungaji arudi kutoka safari nyingine. Msomaji alikuwa amekwenda pale siku ya kwanza, wakamwambia kwa adabu, "Tutakuita." Nilikasirika. Sikungoja Jumamosi. Nilivuka, nikapanda bodaboda, nikafika msibani, nikasimama chini ya turubai mbele ya wazee na wafiwa, nikalitoa lile neno langu lote, la kola na la maiti, nikatuliza sauti mahali pake.

Binti mkubwa wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani. Aliponiuliza hakuinua sauti.

"Mwalimu, mamako alizikwa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Mkuki kwa nguruwe," akaliachia hapo, maana linalofuata kila mtu analijua.

Niliketi. Dada yangu, ambaye alikuwa amekuja na kina mama wengine, alinitoa nje akaniambia yale ambayo mimi niliyesimamia wasomaji nilipaswa kuwa wa kwanza kuyajua. Tangu mama azikwe, hakuna aliyemwita tena yule msomaji kwenye maziko. Hata wagonjwa walikuwa wameanza kumwambia, bila ubaya, kwamba wanamngoja mchungaji. Walisema, ikiwa Mwalimu mwenyewe hakumtaka kwa mamake, sisi ni nani? Jumapili iliyopita msomaji alikuwa amemuuliza dada yangu skafu hurudishwa kwa nani.

Nilikwenda kibandani kwake kwa miguu. Alikuwa akimenya mihogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama."

Nikamwomba radhi. Sina mazoea ya kuomba radhi, kwa hiyo nilisema kama mtu anayesoma barua ya serikali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Mimi kutozika si neno, Mwalimu," akasema. "Hata kutwangwa maneno nimezoea. Lakini mamako aliniagiza."

"Alikuagiza nini?"

"Nimzike mimi. Jumatano mbili kabla hajafa. Akasema, 'Asije mtu hapa akanisifu kwa upole, mimi sikuwa mpole. Nizike wewe unijuaye.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefiwa. Mfiwa habishiwi."

Wakaja wateja wawili, akawafungia mihogo yao, akawatilia pilipili na ndimu, akawaambia karibuni tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na nilichokuwa nacho ni aibu. Si majonzi, yale yalikuwa yamepoa. Ilikuwa aibu ya mtu mzima, na ilinichoma masikio.

Nilirudi msibani siku ile ile. Safari hii sikuhubiri. Niliwaambia kwamba mamangu alimchagua huyu mama amzike, nami nikamnyima mamangu haki yake ili nisione haya mbele ya wageni wangu. Nikasema wakitaka kumngoja mchungaji ni hiari yao, lakini wasimngoje kwa kunifuata mimi. Wazee walitazamana. Mwishowe binti wa marehemu akasema, "Mwiteni."

Fundi akazikwa siku ya tatu baada ya hapo. Msomaji alivaa skafu yake, akasoma kwa kidole kama kawaida yake, na alipomwelezea marehemu alisema alikuwa fundi hodari ambaye hakupata kumwazima mtu pampu yake hata siku moja. Watu walicheka pale pale kaburini, na binti yake alicheka kuliko wote huku machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa na wanaume wenye majembe. Hayo hayakumrudishia msomaji kila kitu. Ziko nyumba ambazo hadi leo hungoja kola. Lakini hakurudisha skafu.

Watu walipoanza kutawanyika nilimwendea. Kaburi la mama halikuwa mbali, ni mashamba mawili tu kupita, na asubuhi nilikuwa nimemwambia dada yangu alifagie. Nilimwomba msomaji tupite pale, watatu tu, atusomee ibada ya maziko kama mama alivyotaka. Nilidhani atakubali mara moja. Labda nilidhani namheshimu.

Alikuwa akikunja skafu, pembe kwa pembe.

"La, Mwalimu," akasema, bila hasira yoyote. "Mtu hazikwi mara mbili."

Kisha akaniaga, kwa sababu alikuwa ameacha mihogo ndani ya maji na wateja wake huanza kuja alasiri. Nilikwenda peke yangu. Dada alikuwa amekwisha kufagia, ameweka viti viwili na mkeka, na anatazama nyuma yangu njiani. Nikamwambia hakuna anayekuja.